Hesabu Isiyoandikwa Ubaoni: Sayansi ya Lugha na Akili katika Mkoa wa Mara

Tumfikirie mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili katika kata ya Kenyamonta, Wilaya ya Serengeti, ambaye nyumbani kwao husemwa Kikurya. Asubuhi anaamka, anawasha moto, na kumwambia nduguye kwamba wao wawili wako karibu kukaanga ndizi. Kisha anashika njia ya shule. Saa chache baadaye amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, naye amekwama katika hesabu. Mwalimu anamrudisha kitini akisema kwamba kijana huyu hajui kuhesabu.

Mwalimu hana habari kwamba, kabla jua halijapanda, kijana yule alikwisha kuhesabu mpaka nne mara nyingi, tena bila ya kukosea. Hakutumia vidole wala vijiti. Alihesabu katika usemi wake, wala yeye mwenyewe hakutambua kwamba anahesabu. Hesabu hiyo ya siri imewashughulisha wanaisimu wa Afrika, Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na imewafanya waulize upya akili ya mwanadamu inaweza kufanya nini pale inapotunga sentensi. Katika makala haya tutaeleza hesabu hiyo ni ipi, iligunduliwa vipi, na kwa nini yampasa kila mwalimu na mwanafunzi aijue.

KUJUA PASIPO KUJUA

Tuanze na Kiswahili, kwa kuwa ndicho tunachokishiriki sote. Tamka polepole maneno haya matatu: pika, pikia, pikiana. Sikiliza ni silabi ipi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Katika "pika" ni "pi". Katika "pikia" ni "ki". Katika "pikiana" ni "a" iliyo kabla ya "na". Mkazo umehama kila neno liliporefuka. Hata hivyo haukuhama ovyo. Kila mara umeangukia silabi ya pili ukihesabu kutoka mwisho wa neno. Ukiacha maneno machache, aghalabu ya mkopo, Kiswahili chote hufuata kanuni hiyo.

Sasa jiulize: ni nani aliyekufundisha? Hakuna mama aliyemwambia mwanawe, "Hesabu silabi mbili kutoka nyuma, kisha kaza sauti." Mtoto wa miaka mitatu huifuata kanuni hii, naye hajui silabi ni kitu gani.

Twaweza kwenda mbele zaidi. Mwambie mtoto ambaye hajaanza shule: "Hiki ni kidufano." Kisha mwonyeshe viwili, umwulize: "Na hivi je?" Atajibu, "Vidufano." Neno hilo halimo katika kamusi yoyote, kwani limebuniwa kwa ajili ya makala haya. Kwa hiyo mtoto hakulikariri. Amelitunga kwa kanuni iliyomo akilini mwake. Jaribio la namna hii lilifanywa Marekani na Jean Berko, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe kisichokuwapo duniani, akakipa jina la kubuni, kisha akawataka watoto wataje wingi wake. Wengi waliutaja sawasawa.

Ujuzi wa namna hii, ambao mtu anao lakini hawezi kuueleza, ndio kiini cha isimu ya kisasa. Tangu miaka ya 1950, Noam Chomsky na wanaisimu wengine wamesisitiza kwamba kuichunguza lugha ni kuichunguza akili. Maneno tunayoyasikia ni kama moshi, na kazi ya mtaalamu ni kuutafuta moto.

MAPIGO MANNE YA KIKURYA

Mkoa wa Mara una lugha nyingi zilizokaribiana. Zimo Kikurya, Kingoreme, Kizanaki, Kiikizu, Kiikoma, Kijita na nyinginezo za jamii ya Kibantu, pamoja na Kijaluo, ambacho ni cha jamii nyingine kabisa. Kenyamonta yenyewe imo katika nchi ya Wangoreme, na Wakurya ni majirani wa karibu.

Kikurya, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Maana yake ni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya sarufi, kama zilivyo irabu na konsonanti. Ili tuzifuate toni zake yatubidi kwanza tujue kipimo kinachoitwa mora, ambacho hapa tutakiita pigo. Irabu fupi ina pigo moja, na irabu ndefu ina mapigo mawili. Neno lenye "o" fupi lina pigo moja hapo, na lenye "oo" lina mapigo mawili.

Tuchukue kitenzi -hootootera, maana yake kumtuliza mtu au kumpa moyo. Mapigo yake ni sita: ho-o-to-o-te-ra. Katika mifano ifuatayo, herufi kubwa zinaonyesha mapigo yanayotamkwa kwa toni ya juu. Viambishi vinavyotangulia shina la kitenzi tumeviacha.

"Tumetuliza": HO-O-TO-O-TE-ra.
"Tumekuwa tukituliza leo": ho-O-TO-O-TE-E-ye.
"Tutatuliza siku za mbele": ho-o-TO-O-TE-ra.
"Tu karibu kutuliza": ho-o-to-O-TE-ra.

Msomaji na atazame mahali toni ya juu inapoanzia. Katika wakati wa kwanza inaanza pigo la kwanza la shina; katika wa pili, pigo la pili; katika wa tatu, pigo la tatu; na katika wa nne, pigo la nne. Ikishaanza, hutambaa mbele hadi pigo lililo kabla ya mwisho. Kwa hiyo, ili kusema "tu karibu kutuliza", akili ya msemaji hutafuta mahali shina linapoanzia, hupita mapigo matatu, na kuiweka toni kwenye la nne. Hayo yote hufanyika katika muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho.

Kanuni hii ilielezwa na mwanaisimu wa Marekani, David Odden, katika makala aliyoichapisha mwaka 1987. Baadaye Leonard Chacha Mwita wa Kenya aliandika tasnifu nzima juu ya toni za vitenzi vya Kikurya, akaikamilisha mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kisha, pamoja na Michael Marlo na Mary Paster, akaendeleza uchunguzi huo katika maandishi yaliyotoka mwaka 2014 na 2015.

KITENZI KIKIWA KIFUPI

Hapa huzuka swali ambalo mwanafunzi makini atakuwa amekwisha kujiuliza. Ikiwa toni lazima ianze pigo la nne, itakuwaje kitenzi kikiwa na pigo moja au mawili tu? Je, toni hupotea? Au hujibana katika pigo la mwisho lililopo?

Jibu linastaajabisha. Toni haipotei wala haijibani. Hesabu huvuka mpaka wa neno na kuendelea katika neno linalofuata. Tuitazame sentensi "tu karibu kula ndizi" na nyingine zinazofanana nayo. Ndizi kwa Kikurya ni egetooke, neno lenye mapigo matano: e-ge-to-o-ke. Kiambishi tora- kina maana ya "tu karibu ku-", nacho hakihesabiwi, kwa sababu hesabu huanzia kwenye shina.

Kula: tora-rya e-ge-TO-O-ke.
Kuuma: tora-ro-ma e-GE-TO-O-ke.
Kusugua: tora-su-ku-ra E-GE-TO-O-ke.
Kukaanga: tora-ka-ra-a-NGA E-GE-TO-O-ke.

Hesabu mwenyewe kwa kidole. Shina rya lina pigo moja, hivyo pigo la nne ni "to" ndani ya neno egetooke. Shina roma lina mawili, na la nne ni "ge". Shina sukura lina matatu, na la nne ni "e" ya mwanzo wa egetooke. Shina karaanga peke yake lina manne kamili, na toni huanza hapo hapo, mwishoni mwa kitenzi. Ndizi ni ile ile, lakini hutamkwa kwa toni tofauti kulingana na urefu wa kitenzi kilichoitangulia. Anayejifunza Kikurya ukubwani anaweza kudhani kwamba wenyeji wanabadilisha toni kama wapendavyo, kumbe wanafuata hesabu isiyopinda.

Msomaji wa Kiswahili pia atakuwa ameona udugu wa maneno hayo. Roma ya Kikurya ni -uma ya Kiswahili, na karaanga ni kaanga. Katika maneno hayo Kiswahili kimeiacha ile konsonanti ya kale, ambayo Kikurya kimeitunza katika umbo la "r". Kiswahili vilevile kimeziacha toni za Kibantu cha kale, na mahali pake kimeweka mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Ndugu wawili wamerithi shamba moja, kila mmoja akalima kwa jembe lake.

KWA NINI WATAALAMU WALISHANGAA

Kwa muda mrefu wanaisimu wengi walishikilia rai kwamba sarufi ya mwanadamu haijui kuhesabu zaidi ya mbili. Waliona kwamba lugha nyingi huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, ya mwisho, au ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Walizoea kuona kanuni ikitaja kitu kimoja na jirani yake, basi. Kanuni inayosema "pita vitatu, shika cha nne" ilionekana kuwa kinyume cha maumbile ya lugha. Kikurya kikaleta ushahidi wa kuitia rai hiyo mashakani.

Baadhi ya wataalamu wamejaribu kuipatanisha rai ya zamani na ushahidi mpya. Wanasema huenda akili haihesabu moja, mbili, tatu, nne, bali hupanga mapigo katika jozi. Pigo la nne litakuwa basi ni mwisho wa jozi ya pili, na akili itakuwa imehesabu mpaka mbili, mara mbili. Wengine hawaridhiki na maelezo hayo. Wanauliza jozi hizo zaweza vipi kuundwa nusu ndani ya kitenzi na nusu ndani ya jina, maneno mawili ambayo kwa kawaida kila moja hujitegemea. Mjadala huu haujafungwa.

Wapo watakaokumbuka jambo jingine linalohusu nne. Mwaka 1871 Mwingereza William Stanley Jevons alichapisha jaribio jepesi katika jarida la Nature. Alitupa maharage ndani ya kisanduku, akayatupia jicho mara moja, na papo hapo kutaja idadi yake. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea kamwe. Yalipofika matano alianza kukosea mara moja moja, na yalipozidi makosa yakaongezeka. Je, nne ya macho na nne ya toni zina asili moja katika ubongo? Swali ni zuri, lakini mwanasayansi hapaswi kulikimbilia jibu. Vitu viwili kufanana si ushahidi kwamba vimetoka mahali pamoja. Kuona maharage ni kazi ya jicho kwa vitu vilivyopo pamoja. Kuweka toni ni kazi ya kupanga sauti zitakazofuatana. Mpaka ipatikane njia ya kuzipima zote mbili kwa mtu mmoja, yatupasa tuliache swali likiwa swali.

AKILI HUTANGULIA ULIMI

Neno egetooke lina siri nyingine. Weka kidole juu ya koo lako, utamke "zzz", kisha "sss". Katika "zzz" utahisi mtetemo. Katika "sss" hutauhisi. Sauti zenye mtetemo huitwa ghuna, nazo ni kama b, d, g, z, m na n. Zisizo na mtetemo ni kama t, k na s.

Kiambishi ambacho Kiswahili hutumia kutaja lugha ni ki-. Katika lugha za jirani zetu kiambishi hicho kina sura mbili. Wagusii wa Kenya huita lugha yao Ekegusii, na Kingoreme huitwa Ikingurimi. Humo "k" imebaki, kwa sababu sauti inayofuata, g au n, ni ghuna. Lakini Wakurya huita lugha yao Igikuria, na Wakikuyu huita yao Gĩkũyũ. Humo "k" ya kiambishi imegeuka kuwa "g", kwa sababu konsonanti inayofuata ni "k", isiyo ghuna. Ndivyo ilivyo pia katika egetooke, ambapo "g" hufuatwa na "t". Lugha hizi hukwepa kuziweka sauti mbili zisizo ghuna katika silabi mbili zinazofuatana namna hiyo.

Kanuni hii huitwa Sheria ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari aliyeigundua katika Kinyamwezi, na mwaka 1903 Mjerumani Carl Meinhof akaipa jina lake. Kwa hiyo moja ya sheria mashuhuri za isimu ya Kibantu ilitambuliwa mara ya kwanza katika lugha ya hapa nchini.

Maana yake kwa elimu ya akili ni kubwa. Msemaji hawezi kuchagua baina ya "k" na "g" ya kiambishi mpaka ajue sauti itakayokuja baadaye. Ni dhahiri basi kwamba akili hutangulia, ikaandaa silabi ya pili, na ndipo ulimi huitamka ya kwanza. Hesabu ya toni yatufundisha jambo hilo hilo: wakati ulimi ungali kwenye "kula", akili imekwisha kupanga mahali toni itakapopanda ndani ya "ndizi". Hatusemi neno moja baada ya jingine kama mtu anayetoa mawe mfukoni. Tunasema kwa mpango uliokwisha kuandaliwa.

FUNZO KWA MWALIMU

Mwalimu aweza kuuliza: haya yote yanahusu nini na kazi yangu? Yanahusu sana.

Kwanza, bado wapo watu wasemao kwamba lugha za makabila ni "vilugha" visivyo na sarufi. Ushahidi tulioutoa wakanusha kauli hiyo. Lugha isiyokuwa na kitabu cha sarufi si lugha isiyokuwa na sarufi.

Pili, makosa ya mwanafunzi katika Kiswahili au Kiingereza aghalabu yana kanuni. Mwanafunzi wa Kikurya asemapo "chakura" badala ya "chakula" si mzembe wala mjinga. Lugha yake ya kwanza haizitenganishi "l" na "r", na sikio lake lilizoea hivyo tangu utotoni. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza waliweza kutambua tofauti za sauti za Kihindi, lakini walipofika miezi 10 hadi 12 wengi wao hawakuweza tena. Sikio hujifunga mapema ili kuihudumia lugha ya nyumbani. Hufunguliwa kwa mazoezi ya kusikiliza na kutamka, wala halifunguliwi kwa kicheko cha darasa. Mtoto anayechekwa kila afunguapo kinywa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Tatu, lugha ya kwanza si adui wa lugha ya taifa. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa huu huu, mwaka 1922, akakulia katika Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka kama 12. Mtoto huyo wa Kizanaki ndiye aliyekuja kuzitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

JARIBIO LA KUFANYA

Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizionyesha katika ramani za Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotoka mwaka 2009. Lakini kujua lugha inasemwa wapi ni hatua ya kwanza tu, na ni kosa kudhani kwamba lililopatikana katika Kikurya limo pia katika Kingoreme au Kizanaki. Yabidi kupima. Kwa kazi hiyo hakuhitajiki darubini wala kemikali. Yatosha daftari, simu yenye kurekodi sauti, na mzee mwenye subira.

1. Chagua vitenzi vinne vya lugha ya nyumbani kwenu, kuanzia kifupi sana hadi kirefu.

2. Mwombe mzee aseme kila kimoja katika sentensi yenye maana ya "tu karibu ku-", kikifuatwa na jina lile lile, kwa mfano ndizi. Mwombe arudie mara tatu. Usimweleze unachotafuta, asije akabadili usemi wake ili akufurahishe.

3. Sikiliza ulichorekodi, ukipiga mluzi badala ya maneno. Mluzi huondoa irabu na konsonanti, ukabakiza toni peke yake.

4. Andika mapigo, na utie alama juu ya lile ambapo sauti imepanda. Hesabu kutoka mwanzo wa shina.

5. Linganisha daftari lako na la mwenzako aliyemhoji mzee mwingine. Mkitofautiana, msifute, rudini mkasikilize tena.

Na yule kijana wetu aliyekwama ubaoni? Mwalimu wa hisabati ampe sentensi yake ya asubuhi, ile ya kukaanga ndizi, amwombe aiseme kwa sauti huku darasa likihesabu mapigo. Akishaona kwamba amekuwa akihesabu bila kukosea tangu utotoni, atarudi kwenye hesabu iliyomshinda akiwa na sababu ya kujaribu tena.